Namna ya Kuandaa Wimbi na Maharagwe ili Madini Yake Yaufikie Mwili

Mtu anayenunua wimbi katika soko la Kibuye mjini Kisumu hukutana na mashauri mawili yanayoonekana kupingana. La kwanza linamhimiza ale nafaka isiyokobolewa, kwa sababu nyuzinyuzi zake hulinda moyo na utumbo. La pili linamwonya kwamba pumba hiyo hiyo hufunga madini ya chuma na zinki yasifyonzwe na mwili. Yote mawili ni kweli. Hata hivyo, dawa yake si kuitupa pumba, bali ni kuirudia kazi ya kuloweka, kuotesha na kuchachusha ambayo nyanya zetu wa magharibi mwa Kenya waliifanya bila kuambiwa na mtu.

Ushahidi kuhusu nyuzinyuzi una mizizi katika eneo letu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, pamoja na Hugh Trowell, aliyehudumu Kenya kabla ya kuhamia Uganda, walitetea katika miaka ya 1970 hoja kwamba maradhi mengi ya nchi tajiri yanahusiana na upungufu wa nyuzinyuzi. Mwaka 2019 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa Andrew Reynolds na wenzake, uliojumlisha tafiti 185 za ufuatiliaji na majaribio 58 ya kitabibu: walaji wa nyuzinyuzi nyingi walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 15 hadi 30 wakilinganishwa na walaji wa kiasi kidogo, na manufaa makubwa yalionekana kwa wanaokula gramu 25 hadi 29 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa kinakaribia nusu ya kiasi hicho, jambo linalonifanya niamini kwamba lengo hili liko karibu na sufuria zetu kuliko tunavyodhani.

Kinachofunga madini hasa ni fitati, hifadhi ya fosforasi iliyomo katika mbegu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ananda Prasad na wenzake waliwachunguza vijana waliodumaa nchini Iran, na baadaye Misri, ambao mlo wao ulitegemea sana mkate wa ngano. Kazi hiyo ndiyo iliyofumbua macho ya wataalamu kuhusu upungufu wa zinki kwa binadamu. Kwa bahati njema, mbegu ina kimeng'enya kiitwacho fitasi ambacho huivunja fitati, nacho huamka mbegu inapopata maji, joto na uchachu.

Anza na kuotesha. Pepeta wimbi, uoshe mara kadhaa ukiuelekeza mchanga chini ya beseni, kisha uuloweke katika maji safi kwa takriban saa 12. Chuja, utandaze kwa tabaka jembamba juu ya kitambaa safi kilicholowa, ufunike na kuunyunyizia maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili hivi utaona vijimizizi vyeupe vikichomoza katika kila punje. Hapo uanike juani mpaka punje ivunjike kwa mlio ukiitafuna, ufikiche vijimizizi vitoke, ndipo uupeleke kisiagi. Punje zikionyesha ukungu, zitupe zote, maana sumu ya kuvu haiondolewi na moto wa jikoni. Kimea hiki wanakifahamu vizuri wapika busaa, lakini faida yake kwa mtoto ni kubwa zaidi: hulainisha wanga, hivyo uji hubaki mwepesi hata ukitiwa unga mwingi zaidi.

Kuchachusha kunafuata. Changanya unga na maji ya vuguvugu mpaka uwe kama rojo, tia vijiko vichache vya rojo lililochachuka awali, funika na uache mahali penye joto kwa siku moja hadi mbili. Harufu ya uchachu safi na viputo vidogo ndizo dalili za kufaulu. Mahindi na mtama vina fitasi kidogo, kwa hiyo ukivitumia, ongeza konzi ya kimea cha wimbi tangu mwanzo. Kisha pika uji uchemke barabara.

Maharagwe na njugu mawe hulowekwa usiku kucha, na maji yake humwagwa. Madini kidogo hupotea pamoja na maji hayo, lakini naona hasara hiyo inavumilika, kwa kuwa fitati hupungua na kuni pia huokolewa.

Sahani yenyewe nayo ina la kusema. Vitamini C huongeza sana ufyonzwaji wa chuma cha mimea. Kamulia limau kwenye uji baada ya kuuepua, au kula chungwa ama pera pamoja na mlo. Kiasi kidogo tu cha omena (dagaa) hufanya kazi kama hiyo kwa chuma, na huongeza zinki na kalsiamu kwa kuwa huliwa na mifupa yake. Musherekha (maji ya majivu ya mimea) na magadi hulainisha kunde na mrenda, lakini huharibu vitamini C, kwa hiyo tia kidogo. Chai ndiyo desturi ngumu zaidi kubadilisha: tanini zake huzuia chuma, basi inywe angalau saa moja baada ya kula.

Kwa mtu aliyezoea unga uliokobolewa, nyuzinyuzi ziongezwe polepole kwa wiki kadhaa, pamoja na maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi. Unga wa mahindi wa pakiti huongezwa chuma na zinki kwa mujibu wa sheria tangu 2012, ilhali ule wa kisiagi kwa kawaida hauongezwi, na familia inayoutegemea ndiyo yenye haja kubwa ya maandalizi haya. Mjamzito aendelee kumeza vidonge vya chuma alivyopewa kliniki, na avimeze kwa maji wala si kwa chai.