Umegonga bila bima na leseni iko hatarini: soma hapa kabla ya kunipigia

Nimechoka kujibu hili usiku wa manane. Kuanzia leo nitakuelekeza hapa tu.

1. Simama, toa jina na namba ya gari, ripoti kituoni ndani ya saa 24.

2. Chukua abstrakti ya polisi, ile karatasi rasmi ya kituo inayoeleza ajali. Gari usilipeleke kwa fundi kunyoosha bodi kabla halijakaguliwa.

3. Thibitisha bima iliisha lini hasa. Usinunue leo ukamwomba wakala aandike tarehe ya juzi. Huo ni ulaghai, utaongeza kesi juu ya kesi.

4. Kortini. Hapa ndipo nilipochoma. Yangu ilikuwa thadi pati (bima ya kumlipa mtu mwingine unayemgonga) ya mwezi mmoja mmoja, ikaisha Ijumaa, Jumapili nikagonga boda pale Jogoo Road, Nairobi. Nikakiri mbiombio nirudi kazini. Hakimu akaniuliza kama nina la kusema, nikasema sina. Faini nililipa, kisha nikasikia: miezi 12 usiendeshe. Kumbe Sura 405, sheria ya Kenya ya bima ya magari, inamruhusu hakimu kukuachia leseni kukiwa na sababu maalum, lakini ni wewe wa kuzitaja na kuzithibitisha. "Nina watoto" si sababu maalum. Iwe inahusu kosa lenyewe: mathalani wakala alipokea pesa akakaa nazo, na ujumbe wa M-Pesa unao. Rufaa ni siku 14 tu. Mimi nilimwona wakili wiki ya tatu, akanipa chai na pole.

5. Weka nakala ya amri ya korti. Usiguse usukani mpaka muda uishe.

MASWALI

– Nimeshalipa faini, si leseni inarudi?
Hatua ya 4. Soma tena.

– Na nikiendesha usiku tu, askari wakiwa wachache?
Hilo ni kosa jipya, na hilo lina jela. Usiniulize tena.

– Kaka, aliyeumia anasema atanishtaki ingawa nimelipa faini. Anaweza?
Swali zuri. Anaweza. Faini ni ya serikali, yeye hajapata hata shilingi, na kwa kawaida ana miaka 3 ya kudai majeraha. Bila bima, unalipa mwenyewe. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kwenda korti ya madai madogo, na huko mambo huenda haraka. Mkielewana, muandikiane, mtie sahihi mbele ya shahidi, na ulipe kwa njia inayoacha rekodi. Pesa ya mkononi husahaulika.

– Na hizi bima za mwezi, mnazikumbukaje?
Kengele ya simu, siku tatu mapema. Siku yenyewe umechelewa.

– Mimi tarehe nimeibandika kwa selotepu kwenye dashibodi, kando ya ile ya kubadilisha oili.
Hiyo naiba.