Kuchimba tuta la makaburi la Zama Mpya za Mawe: usikimbilie mifupa

Wengi wakiliona tuta, yaani kile kilima walichojenga watu wa kale juu ya wafu wao, wanataka kutoboa katikati moja kwa moja wafike kwenye mifupa, usithubutu. Kule West Kennet, Uingereza, John Thurnam alichimba mwaka 1859 akapata chumba cha mwisho na kipande cha ujia, akaondoka zake, kumbe kulikuwa na vyumba vingine vinne pembeni, vikaja kuonekana 1955 na 1956 wanaakiolojia Piggott na Atkinson walipochimba upya. Karibu miaka mia hiyo jamani.

Kibali kwanza, cha mwenye ardhi na cha serikali, na mifupa ya watu mara nyingi ina kibali chake peke yake. Bila hivyo wewe ni mwizi wa makaburi tu, tusipambe maneno.

Kabla ya sururu, pima. Piga picha za droni, pitisha magnetomita, kifaa cha kupima usumaku wa udongo, maana mitaro waliyochota udongo wa kujengea tuta mara nyingi inaonekana humo hata kama juu ni nyasi tupu. Alafu vigingi na uzi. Tuta la duara ligawe robo nne, ndo mbinu ya mwanaakiolojia Mholanzi van Giffen, na kati ya robo na robo acha ukuta wa udongo usioguswa. Mi naupenda huo ukuta kuliko hata fuvu, kwa sababu ndo unaonyesha tuta lilijengwaje, wapi walimwaga kifusi, wapi walipindua mabonge ya nyasi, wapi kuna mtu alikuja baadae akachimba shimo lake. Anza na tabaka lililokuja mwisho, lipe namba, picha, mchoro, ndo ulitoe, ukishachanganya mawili kwenye ndoo moja basi tena, hamna kurudisha.

Ukifika kwenye mifupa mwiko wa chuma weka pembeni, shika kijiti cha mianzi na brashi laini. Mkono mmoja una mifupa 27, na ile midogo ya kifundo cha mkono inafanana na kokoto kabisa, asiyezoea anaitupa, kwahiyo udongo wote wa kuzunguka kiganja weka mfuko wake na lebo, uchekeche na maji taratibu. Usitegemee maiti nzima imelala vizuri, makaburi haya mengi yalitumika kwa zamu na wa zamani walisukumwa pembeni, fuvu huku mguu kule, so pima kila mfupa ulipo kabla hujaugusa. Weka turubai la kivuli maana mfupa ukikauka ghafla unapasuka, na ukiwa na unyevu usiufungie kwenye nailoni, utaota ukungu.

Glavu na barakoa ni lazima kama mifupa itapimwa DNA, na hapo mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani ndo dhahabu. Hazleton North, tuta jingine la Uingereza, ilichimbwa 1979 mpaka 1982, DNA ikaja kutoka 2021, ikaonyesha kati ya watu 35 waliopimwa 27 ni ukoo mmoja, vizazi vitano. Waliochimba hawakuwaza DNA, waliandika tu kila kitu kilipokuwa.

Usiishie kwenye mifupa. Chini ya tuta kuna ardhi ya zamani iliyofunikwa, chukua mkaa na chavua humo.

Ukimaliza fukia, na chini kabisa acha kitu chenye tarehe. Pitt-Rivers, mwanaakiolojia Mwingereza wa karne ya 19, alikuwa anaacha medali yenye jina lake, ili atakayechimba baadae ajue kuna mtu alishapita.