Jinsi ya kutathmini usalama wa kiyeyushi cha etha ya glikoli bila kuisahau ngozi

Etha za glikoli zimo kwenye dawa za kusafishia vioo na sakafu, viondoa grisi, rangi za maji, wino na vanishi. Zinapendwa kwa sababu zinaelewana na maji na mafuta kwa pamoja. Sifa hiyohiyo ndiyo inayozirahisishia kupenya kwenye ngozi ya mtu. Hata hivyo, tathmini nyingi zinazopita mezani kwangu zina kurasa kadhaa za vipimo vya hewa, kisha mstari mmoja tu kuhusu mikono: "Mfanyakazi avae glavu." Glavu ya aina gani, nene kiasi gani, ibadilishwe lini, hakuna neno.

Mfano wangu mkuu ni 2-butoksiethanoli, namba ya CAS 111-76-2, kwa kuwa ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi zaidi. Utaratibu wenyewe unafaa kwa etha yoyote ya glikoli.

Hatua ya 1: Jua ni etha ipi hasa

Usikubali lebo iliyoandikwa "etha ya glikoli" tu. Hilo ni jina la ukoo, na katika ukoo huu ndugu hawafanani. Dai namba ya CAS, yaani namba ya pekee ya utambulisho wa kila kemikali.

Ukiona 109-86-4 (2-methoksiethanoli) au 110-80-5 (2-ethoksiethanoli), simamisha mengine yote kwanza. Mwili huzigeuza kuwa asidi zinazoharibu korodani na kudhuru mimba changa. Mwaka 1988 ulichapishwa utafiti wa wapaka rangi wa karakana za meli nchini Marekani waliokuwa wakivuta na kugusa kemikali hizi mbili, na idadi ya mbegu zao za kiume ilionekana kuathirika. Miaka michache baadaye, tafiti za wanawake waliofanya kazi kwenye vyumba vya kutengenezea chipu za kompyuta zilihusisha etha za glikoli za ethilini na kuharibika kwa mimba. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayotafiti afya na usalama kazini, inapendekeza kikomo cha 0.1 ppm (sehemu kwa kila milioni) hewani kwa ile ya kwanza na 0.5 ppm kwa ya pili. Kwa hizi mbili, maoni yangu ni kwamba tathmini ianze na swali moja: kwa nini bado zipo hapa?

2-butoksiethanoli ni jambo jingine. Ini huigeuza kuwa asidi ya butoksiasetiki, ambayo hupasua chembe nyekundu za damu za panya. Chembe za binadamu zinaihimili asidi hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa hiyo usizichukue namba za panya ukazibandika kwa mtu moja kwa moja. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka Kundi la 3, maana yake ushahidi hautoshi kusema kama inasababisha saratani kwa binadamu au la. Yote hayo hayaifanyi kuwa maji ya kunawa. Inawasha macho na ngozi, na mtu akiinywa kwa wingi damu yake hujaa asidi na anaweza kupoteza fahamu.

Kisha kuna jamii ya propilini, kama 1-methoksi-2-propanoli (107-98-2), ambayo kwa sehemu kubwa mwili huivunja kwa njia nyingine isiyo na sumu hiyo ya uzazi. Hapo pia uliza jambo moja: kiasi cha isoma yake ya beta (molekuli yenye atomi zilezile zilizopangwa tofauti), 1589-47-5, ambayo Umoja wa Ulaya umeiorodhesha kuwa inadhuru mtoto aliye tumboni. Bidhaa nzuri huwa nayo kidogo sana, nawe unataka kuliona hilo kwa maandishi.

Hatua ya 2: Soma karatasi ya taarifa za usalama, lakini kwa kuchagua

Ina sehemu 16. Anza na ya 3 (kilichomo), ya 8 (vikomo na vifaa vya kinga), ya 9 (sifa za kimaumbile), ya 11 (sumu) na ya 12 (mazingira). Sehemu ya 2 ina alama za hatari. Angalia tarehe ya toleo. Karatasi ya zamani inaweza kuwa na vikomo vilivyokwisha kubadilika.

Hatua ya 3: Simama uangalie kazi inavyofanyika

Usiulize tu msimamizi. Simama pembeni, tazama mikono. Kitambaa kinachochovywa kwenye ndoo kinakamuliwa na nani, na kwa mkono upi? Matone yanateremka mpaka wapi mkono ukiinuliwa kufuta juu? Mkunjo wa glavu umekunjwa kwa nje kuyadaka, au yanaingia ndani? Kitambaa kilicholowa kinawekwa wapi wakati wa mapumziko? Nikikikuta kwenye mfuko wa ovaroli, nimeshapata jibu kubwa kuliko litakaloletwa na kipimo cha hewa, maana paja la mtu huyo limekaa juu ya kiyeyushi saa nzima.

Andika pia kiasi kinachotumika kwa saa, kama kinapashwa moto, na kama kinapuliziwa. Kupulizia hutengeneza ukungu, nao hubadilisha hesabu yote.

Hatua ya 4: Kadiria hewa kabla ya kupima

Hesabu ni nyepesi: gawa kiasi kinachovukizwa kwa saa kwa ujazo wa hewa safi inayoingia kwa saa. Chukua chumba cha mita za ujazo 40 ambacho hewa yake hubadilika mara 2 kwa saa, yaani mita za ujazo 80. Gramu 10 za 2-butoksiethanoli zikivukizwa kila saa, hewa itatulia kwenye miligramu 125 kwa mita ya ujazo, takriban 26 ppm (kwa kiyeyushi hiki, 1 ppm ni miligramu 4.83 kwa mita ya ujazo).

Linganisha sasa. Kikomo cha Ulaya kwa saa 8 ni 20 ppm, na 50 ppm kwa dakika 15. OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, inaruhusu 50 ppm, ilhali NIOSH inapendekeza 5. Tofauti hizi zisikuchanganye: kikomo cha kisheria cha mahali ulipo ndicho cha lazima, na cha chini zaidi ndicho lengo. Ukiongeza hewa ibadilike mara 6 kwa saa, unashuka hadi takriban 9 ppm. Kumbuka huo ni wastani wa chumba kizima. Puani mwa anayeinamia ndoo ni juu zaidi. Makadirio yakikaribia kikomo, ndipo ulete pampu ndogo ya kuvaliwa na upime.

Jambo la kuogopwa ni tangi au chombo kilichofungwa. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, hewa iliyoshiba mvuke wa kiyeyushi hiki hufikia karibu 1,000 ppm, na NIOSH inahesabu 700 ppm kuwa hatari ya papo hapo kwa maisha. Mtu asiingie humo kwa barakoa ya vichujio.

Hatua ya 5: Tathmini ngozi kama njia kuu

Hapa usiharakishe. Watu hudhani kuzimua kwa maji kunapunguza hatari kwa uwiano uleule, lakini sivyo. Majaribio yaliyofanywa kwa watu waliojitolea yameonyesha kwamba 2-butoksiethanoli iliyochanganywa na maji inaweza kupenya ngozi kwa kasi kuliko ile safi, hata mchanganyiko ukiwa nusu kwa nusu. Maji hulainisha tabaka la juu la ngozi na kufungua njia. Kwa hiyo mfanyakazi anayetumia "ile ya kuzimuliwa" mikono mitupu siku nzima anastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko fundi anayemimina kiyeyushi safi kwa dakika mbili akiwa na glavu.

Kwa kazi ya kulowa, chagua glavu za mpira wa butili. Nitrili nene inafaa kwa muda mfupi kulingana na jedwali la mtengenezaji. Glavu nyembamba za kutupa ni za kuzuia matone tu: ikilowa, ivuliwe hapohapo, mikono ioshwe. Lateksi usiitegemee. Andika kwenye tathmini aina, unene na muda wa kubadilisha.

Unataka uhakika? Pima asidi ya butoksiasetiki kwenye mkojo mwishoni mwa zamu. Kiwango cha rejea cha ACGIH, jumuiya ya Marekani ya wataalamu wa afya kazini, ni miligramu 200 kwa gramu ya kreatinini (taka ya kawaida ya mkojo inayotumika kusawazisha mkojo mwepesi na mzito). Kipimo hiki hujumlisha kilichoingia kwa pua na kilichoingia kwa ngozi. Hewa ikiwa safi na mkojo ukawa juu, tafuta mikononi.

Hatua ya 6: Moto na uhifadhi

2-butoksiethanoli hudaka moto kuanzia nyuzi 60 na kitu, kwa hiyo kwa joto la kawaida si tishio kubwa, ila ikipashwa au ikipuliziwa. Etha zikikaa na hewa na mwanga zinaweza kutengeneza peroksaidi zinazolipuka. Funga vizuri, weka kivulini, andika tarehe ya kufungua.

Hatua ya 7: Mazingira

Sumu yake kwa samaki ni ndogo: kwa trauti, kiwango kinachoua nusu yao kwa saa 96 kinazidi miligramu 1,000 kwa lita. Haijilimbikizi mwilini mwa viumbe, na bakteria huiozesha kwa urahisi. Wengi huishia hapo na kuandika "salama".

Lakini kuoza kunakula oksijeni. Kilo 1 inahitaji takriban kilo 2.3 za oksijeni ili iishe kabisa. Maji ya mto yenye miligramu 8 za oksijeni kwa lita yangenyang'anywa oksijeni yote katika lita 287,000 hivi. Samaki wanakufa kwa kukosa pumzi, hata kama sumu haikuwagusa. Tena haishikamani na udongo, hivyo ikimwagika ardhini huteremka na maji kuelekea kisimani. Mitaro ya mvua ifunikwe mahali pa kumiminia, maji machafu yaende kwenye mtambo wa kusafisha kwa kiasi kilichokubaliwa, na mabaki yakusanywe.

Hatua ya 8: Amua, na uangalie mbadala unaleta nini

Kuhamia 1-methoksi-2-propanoli ni pendekezo la kawaida. Lakini huvukiza takriban mara kumi zaidi na hudaka moto kwenye nyuzi 32 hivi, hivyo feni ya kawaida yenye cheche inageuka tatizo. Rudia hatua ya 4 na ya 6 kwa mbadala kabla ya kusaini chochote. Mara nyingi faida kubwa hupatikana kwa kubadilisha kazi yenyewe: mopu yenye mpini mrefu badala ya kitambaa, pampu ya kupimia badala ya kumimina, kifuniko juu ya ndoo.

Weka tarehe ya marejeo, na uipitie upya tathmini nzima siku msambazaji anapobadilika, hata kama jina la bidhaa limebaki lilelile.