Ada za notari Ufaransa: pesa inakwenda wapi unaponunua nyumba

Kazi yangu ni ukalimani. Mswahili mwenzetu anaponunua nyumba hapa Ufaransa na Kifaransa chake hakitoshi kuuelewa mkataba, mimi huketi kati yake na notari, yaani ofisa wa sheria anayeandika na kuthibitisha hati za mauzo ya nyumba, namfasiria ukurasa kwa ukurasa. Karatasi ya makadirio ikishawekwa mezani, huwa ananigeukia na kuninong'oneza: "Huyu bwana anachukua elfu kumi na tano zote hizi kwa kugonga muhuri tu?" Hapana, hazichukui. Anachobaki nacho ni sehemu ndogo, na ukiijua sehemu hiyo utajua pia wapi pa kuuliza na wapi hakuna haja ya kujichosha.

Kinachoandikwa "frais de notaire" (ada za notari) ni mafungu matatu yaliyofungwa pamoja: kodi, gharama anazotanguliza notari kwa niaba yako, na ujira wake mwenyewe. Kwa nyumba iliyokwisha kukaliwa, jumla huwa kati ya asilimia 7 na 8 ya bei. Kwa nyumba mpya inayotoka kwa mjenzi ni asilimia 2 hadi 3. Usikimbilie nyumba mpya kwa sababu hiyo pekee: kwa kawaida bei yake tayari imebeba VAT ya asilimia 20.

Fungu kubwa ni kodi. Kati ya kila yuro 10 unazolipa, kama 8 hivi zinakwenda serikalini, na notari ni mkusanyaji tu. Mkoa (département) huchukua asilimia 4.5 ya bei, manispaa asilimia 1.2, na serikali kuu hujikatia asilimia 2.37 ya kile kilichochukuliwa na mkoa kama malipo ya kukusanya. Ukijumlisha unapata asilimia 5.80665. Tangu Aprili 2025 mikoa imeruhusiwa kupandisha sehemu yake hadi asilimia 5, na mingi imefanya hivyo. Hapo jumla inafika asilimia 6.3185.

Hapa naomba usome polepole, maana watu wetu wengi wanahusika. Anayenunua makazi yake ya kwanza haguswi na ongezeko hilo. Kwa sheria hii, mnunuzi wa mara ya kwanza ni yule ambaye hakumiliki makazi yake makuu katika miaka 2 iliyotangulia, na nyumba anayonunua iwe ya kukaa mwenyewe. Kwa hiyo hata aliyewahi kuwa na nyumba, akauza, kisha akapanga kwa zaidi ya miaka 2, anaingia. Mwambie notari mapema, wala usingoje akuulize.

Tuchukue nyumba ya zamani ya yuro 200,000. Mnunuzi wa mara ya kwanza analipa kodi ya yuro 11,613. Katika mkoa uliopandisha, mwingine analipa 12,637. Tofauti ni zaidi ya yuro 1,000, na yote inategemea tamko moja. Ongeza asilimia 0.1 ya kuandikisha umiliki kwenye daftari la ardhi, yaani yuro 200.

Sasa ujira wa notari. Haupangi yeye, unapangwa na serikali kwa ngazi: asilimia 3.870 kwa yuro 6,500 za kwanza, asilimia 1.596 kutoka hapo hadi 17,000, asilimia 1.064 hadi 60,000, na asilimia 0.799 kwa kinachozidi. Kwa nyumba yetu inatoka yuro 1,995.25, na ukiweka VAT ni 2,394.30. Hicho ndicho "anachochukua huyu bwana", na humo mna mishahara ya makarani wake na pango la ofisi. Ukitaka notari wako mwenyewe na muuzaji awe na wake, gharama haiongezeki, maana wao hugawana ujira ule ule. Mimi huwashauri watu wawe na wao. Ni haki yako, na unapata mtu wa kumuuliza bila kuona haya.

Fungu la tatu, la hati za ramani, vyeti vya manispaa na taratibu za ofisi, huwa mia kadhaa hadi elfu moja na ushei. Halina siri kubwa. Ukikopa kwa rehani, mkopo nao una hati yake na gharama yake, ambayo haimo katika hesabu yangu hapa.

Kupunguza kunawezekana, lakini karibu kote ni kabla ya kutia saini mkataba wa awali, ule unaotangulia hati ya mwisho ya mauzo. Njia ya kwanza ni kamisheni ya wakala wa nyumba. Tangazo hulazimika kueleza ni nani anayeibeba. Ikiwa ni mnunuzi, na imeandikwa kando na bei, kodi inahesabiwa juu ya bei tupu. Nyumba ikitangazwa kwa 200,000 na ndani yake mna kamisheni ya 10,000, utatozwa kwa 190,000, nawe unaokoa karibu yuro 690. Ikiwa kamisheni iko kwa muuzaji, unatozwa kwa bei nzima.

Njia ya pili ni samani zinazobaki: friji, oveni, mashine ya kufulia, makabati yanayoondoka bila kubomoa ukuta. Ziorodheshwe moja moja na thamani yake katika mkataba wa awali, risiti zikiwepo ni bora zaidi. Samani za yuro 6,000 hupunguza zaidi ya yuro 400. Andika bei ya kweli ya kitu kilichotumika. Beseni la kuogea na redieta ni sehemu ya nyumba, usizitie. Na muulize kwanza ofisa wa benki, kwa sababu samani mara nyingi haziingii kwenye mkopo wa nyumba.

Notari mwenyewe anaruhusiwa kupunguza ujira wake hadi asilimia 20, lakini kwa sehemu ya bei inayozidi yuro 100,000 tu, na punguzo hilo lazima liwe sawa kwa wateja wake wote. Kwa mfano wetu halifiki yuro 200. Uliza kwa adabu kama ofisi inatoa, ukijibiwa hapana usivunje uhusiano kwa ajili yake.

Pesa hizi zote hulipwa kwa hawala ya benki kabla ya siku ya saini, na benki nyingi hutaka zitoke mfukoni mwako, si kwenye mkopo. Hapa pana hatari inayonikosesha raha. Matapeli hudukua barua pepe, wakatuma namba ya akaunti mpya wakijifanya ofisi ya notari. Ukipokea namba ya akaunti, usiitumie kabla ya kupiga simu ofisini kwa namba uliyopewa mkononi, si ile iliyo kwenye ujumbe, na usomewe tarakimu zote. Ikibidi, nenda mwenyewe.

Kiasi unachotuma ni makadirio, na notari huomba kidogo zaidi ili asipungukiwe. Hesabu ya mwisho huja miezi kadhaa baadaye, hati ikisharudi kutoka kwenye daftari la ardhi, na kilichozidi unarudishiwa. Ukihama au ukibadilisha akaunti ya benki kabla ya hapo, mjulishe. Miezi sita ikipita kimya, andika barua fupi uombe taarifa ya hesabu, uitaje tarehe ya saini na anwani ya nyumba.