Kabla hujasafisha stoo ya ofisi, jua hayo makaratasi yanaishia wapi

Mtu yeyote anayenunua karanga za kufungwa kwenye karatasi pale Dar, hii anaijua: unamaliza karanga zako unageuza karatasi unakuta salari slipu ya mtu au fomu ya mkopo, jina lipo, namba ya simu ipo, mshahara upo. Na hakuna aliyeiba. Imetoka ofisini mchana kweupe, mtu kaambiwa "hebu toa hizo takataka stoo" naye kaziuza kwa kilo. Kampuni zinalipia antivairasi kila mwaka wakati maboksi yanatokea mlango wa nyuma na hakuna anayeuliza yanaenda wapi.

Sasa kama mnajiandaa kuhama ofisi au kufanya ule usafi wa Desemba, cha kwanza kabla hamjagusa boksi hata moja ni kujua nini bado hakiruhusiwi kuharibiwa, maana hapa ndo wengi wanajichongea. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya 2015 inataka nyaraka za kodi zikae angalau miaka 5, na Kenya nako ni 5. Na kama kuna kesi mahakamani, mgogoro wa mfanyakazi uko CMA (tume ya usuluhishi na uamuzi), au watu wa kodi, TRA, wameshaandika barua ya ukaguzi, usichane kitu hata kama miaka imepita, utaonekana unaficha ushahidi na hapo kujieleza ni shughuli. (Risiti za mashine za kodi, EFD, zipigie kopi mapema, zile karatasi zinafifia zenyewe hata hujazichana.) Mhasibu na mtu wa HR wakae pamoja waandike juu ya kila boksi ni la nini, la mwaka gani, na litaharibiwa lini. Boksi lisilo na tarehe ndo lile linalokaa miaka 15 kwa sababu kila mtu analiogopa.

Kuna wanaosema basi tuziache tu, zikikaa stoo kwani zinakula ugali? Hapana, kukaa nazo milele nako ni tatizo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika Mei 1, 2023, Kenya walitangulia na ya kwao 2019, na zote hazitaki ukae na taarifa za mtu kupita muda unaozihitaji. Kwa Kenya faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliopita, inachukuliwa iliyo ndogo, lakini kwa biashara ndogo hiyo ndogo nayo inauma.

Alafu watu wakisikia nyaraka za siri wanawaza mikataba ya bosi tu. Pita ofisini kwako uangalie: kitabu cha wageni pale getini chenye majina na namba za vitambulisho vya watu wa miaka mitatu, daftari la wakala wa pesa za simu, CV za walioomba kazi wakakosa, kopi za vitambulisho vya NIDA, na zile karatasi zilizoprintiwa vibaya ambazo ofisi nyingi zinatumia upande wa pili ili kuokoa rimu. Yule tapeli wa meseji za "ile hela tuma kwa namba hii" anabahatisha tu, lakini mpe jina lako kamili, benki yako na kiasi unachodaiwa uone, hata mjanja analiwa.

Tukija kwenye kuharibu kwenyewe, kuchana kwa mkono sahau. Shreda (mashine za kuchana karatasi) za bei rahisi zinazotoa nyuzi ndefu nazo mi sizipendi, ubalozi wa Marekani kule Tehran ulipovamiwa 1979 wanafunzi walikaa na zile nyuzi wakaziunganisha moja moja mpaka nyaraka zikasomeka, wakazichapisha vitabu. Tafuta inayokata kwa urefu na kwa upana, kwenye boksi angalia imeandikwa P-4, maana yake kila kipande hakizidi milimita za mraba 160. Watu wanaamini sana kuchoma nyuma ya ofisi lakini bunda nene linaungua pembeni tu, katikati kurasa zinabaki safi kabisa, upepo ukija zinatembea mtaani.

Ongea pia na mlinzi na dada wa usafi kabla ya siku yenyewe. Ile hela ya kilo wameizoea, ukiikata kimya kimya karatasi zitaendelea kutoka tu, bora waambie magazeti na maboksi matupu ni yao, ila lile boksi lenye kufuli la karatasi za kuchanwa haliguswi.

Kompyuta za zamani na mashine ya fotokopi usizisahau, fotokopi nyingi kubwa zina hadidiski ndani inayoweza kubaki na picha za ulivyokopi, na ukiirudisha kwa aliyekukodisha inaondoka nazo. Kudiliti faili hakutoshi. Morgan Stanley ya Marekani, benki kubwa vile, iliwapa kazi ya kuondoa vifaa vyake watu wa kuhamisha mizigo wasio na uzoefu wowote wa kuharibu data, baadhi ya vifaa vikauzwa vikaishia kwenye mnada wa mtandaoni vikiwa na taarifa za wateja, na Septemba 2022 wakakubali kulipa faini ya dola milioni 35.

Kwa hiyo ukikodi kampuni ya kuharibu, kabla hujasaini uliza kama wanachania pale pale ukiangalia au wanabeba, wakibeba gari linafungwaje na njiani linasimama wapi, na je kazi nzima ni yao au wanampa mtu mwingine. Mwisho wa kazi wakupe cheti chenye tarehe, idadi ya maboksi na uzito, kisainiwe na mtu wako aliyeshuhudia. Hicho kinaingia kwenye faili lake, na mwambie mhasibu mapema kwamba hilo faili halipo kwenye orodha ya kuchanwa.