SOMO: Ukitoka mbio ndefu, sahani ya Kigoma inakutosha

Wakimbiaji wenzangu wa Mwanga, Ujiji na Kibirizi, habari za jioni. Kila Jumapili naona mtu akimaliza mbio anagida soda, anaoga, analala, chakula anakikumbuka saa nane mchana. Jumanne analalamika miguu mizito. Chakula tunacho tele. Tunakichelewesha na kukipakua vibaya.

Hatua ya 1: Maji. Jipime uzito kabla ya kutoka na ukirudi, nguo za jasho ukiwa umevua. Kila kilo iliyopungua irudishie lita moja na robo hadi moja na nusu, kidogo kidogo, kwa saa kadhaa. Umetoka na kilo 60 ukarudi na 58.5? Hiyo ni kama lita 2. Maji matupu mengi utayakojoa, kwa hiyo pata na chumvi. Mchuzi wa samaki unafaa sana.

Hatua ya 2: Wanga. Mbio ndefu hukomba glaikojeni, ile akiba ya sukari ndani ya misuli. Kama jioni hiyohiyo una zoezi jingine, lenga gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya mwili, kila saa, kwa saa nne za mwanzo. Kwa mtu wa kilo 60, ndizi mbivu mbili na kikombe cha uji wenye sukari vinatosha kwa saa moja. Kama kesho unapumzika, usihangaike na saa. Kula ushibe.

Hatua ya 3: Protini. Hapa ndipo wengi wetu tunaanguka. Ugali wa muhogo ni wanga karibu mtupu, na dagaa wawili watatu wanaoelea kwenye mchuzi hawakarabati msuli wa mtu. Kila mlo upate gramu 20 hadi 25 za protini. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, hivyo gramu 40, kiganja kimoja kilichojaa, zinakufikisha.

Wale walioanikwa mchangani wana kazi yake. Waloweke kwenye maji ya uvuguvugu, wavuruge, acha yatulie, kisha *wainue* kwa mkono. Ukimwaga maji pamoja nao, mchanga unarudi palepale. Rudia mpaka chini ya beseni pawe safi, ndipo ukaange na kitunguu na nyanya, ukamulie ndimu. Huna dagaa? Mayai manne, au sahani ya maharage na glasi ya maziwa mgando.

Hatua ya 4: Mlo wa usiku usiuruke, halafu ulale mapema.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kocha, na mawese? Kwetu mboga bila mawese haijaiva.*
Tumia, ila jioni. Mafuta mengi huchelewesha chakula kutoka tumboni, nawe saa ya kwanza unataka wanga ufike haraka. Ule wekundu wake mwili huugeuza vitamini A, kwa hiyo simkatazi mtu.

*Mwezi wa Ramadhani nakimbia kabla ya magharibi. Nifanyeje?*
Vizuri, mradi iwe karibu kabisa na kufuturu. Anza na tende, maji na uji. Samaki au maharage yafuate kwenye futari yenyewe, na daku usiiache.

*Unga wa protini wa kopo, ninunue?*
Sio mbaya, ila mtu anayekula dagaa na maharage kila siku sioni anaufuata nini. Pesa hiyo nunua viatu.

*Shikamoo kocha. Siku ya pili mapaja yananiuma mpaka kushuka ngazi ni shida. Nimeze diklofenaki?*
Marahaba, mdogo wangu. Maumivu ya siku ya pili na ya tatu ni ya kawaida, hupungua yenyewe. Tembea taratibu, kula, lala. Dawa za aina hiyo ukizimeza mwili umekaukiwa maji zinaweza kuumiza figo. Ila mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, usisubiri majibu yangu hapa. Nenda hospitali siku hiyohiyo.