Gololi za kuchanganyia rangi za sanamu ndogo: zipi ziingie chupani, zipi zibaki nje

Chupa ya rangi ikikaa miezi kadhaa bila kuguswa, tone la kwanza hutoka majimaji yanayong'aa, karibu hayana rangi yoyote. Hiyo ni gundi ya akriliki peke yake. Chembe za rangi zimelala chini. Ukipaka hivyo, sanamu itang'aa pasipotakiwa na rangi haitafunika. Tena kila tone la majimaji unalolimwaga linaiacha rangi iliyobaki nzito kuliko ilivyotengenezwa, na kosa hilo halirekebishiki vizuri. Chupa ya ml 17 au 18 ikiwa imejaa, rangi haina nafasi ya kucheza ndani, kwa hiyo kuitikisa kwa mkono mtupu hakutoshi. Panatakiwa kitu kizito cha kuugonga ule utope wa chini mpaka uachie. Kitu hicho ni gololi.

Wapaka kucha wanazijua: ukitikisa kichupa unazisikia zikigonga kioo. Makopo ya rangi ya kupulizia yanazo pia. Kwa rangi za sanamu hali inatofautiana. Rangi za Warpaints Fanatic za kampuni ya The Army Painter hutoka kiwandani na gololi mbili ndani, ila chupa nyingi za kampuni nyingine hazina kitu. Basi kabla ya kuongeza chochote, tikisa kwanza usikilize.

Chagua metali kabla ya kuchagua ukubwa. Rangi za akriliki za maji huwa na ualikali kidogo, mara nyingi kwa sababu ya amonia au amini (kemikali za jamii ya amonia), na gololi itaoga humo kwa miaka. Chaguo la kawaida ni stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, daraja la 304 au 316. Zote mbili zinafaa; 316 huvumilia zaidi, na ikiwa tofauti ya bei ni ndogo ichukue hiyo. Stenlesi ina uzito wa karibu gramu 8 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo gololi ya mm 6 ina gramu 0.9 hivi, na ya mm 5 ina nusu gramu. Seramiki ya zirkonia ni nyepesi kidogo, karibu gramu 6 kwa sentimita ya ujazo, lakini haishiki kutu kamwe. Mwenye uwezo wa kuinunua hatajuta. Kioo nacho hakidhuru rangi, ila ya mm 6 haifiki hata gramu 0.3. Inatosha kwa wino na rangi nyepesi za kutia vivuli. Utope mgumu haiuwezi.

Sasa zile za kuepuka, maana hapa ndipo chupa nyingi zinapoharibika. Gololi za baiskeli zinashawishi: ziko kwa kila fundi, bei rahisi, na vipimo vinaelekea kufaa kabisa. Za ekseli ya nyuma kwa kawaida ni robo inchi, yaani mm 6.35, na za mbele ni 3/16 ya inchi, karibu mm 4.8. Tatizo ni kwamba hicho ni chuma cha beringi kinacholindwa na grisi. Ndani ya rangi ya maji grisi haipo, na kutu haichelewi. Rangi nyeupe ndiyo huumbuka kwanza: inaanza kuwa ya maziwa, kisha ya chai ya maziwa, na hakuna dawa ya kuirudisha. Risasi za chuma za bunduki za upepo zina hatari ileile, kwa kuwa shaba au zinki iliyopakwa juu hubanduka kadiri zinavyogongana. Nati za zinki nazo ziache. Shaba, iwe nyekundu au ya njano, huliwa na amonia na kuacha ukijani wa bluu. Gololi za sumaku zina ganda jembamba la nikeli linalopasuka, na zikiwa mbili hunatana, hazichanganyi kitu. Zile za plastiki za bunduki za kuchezea, za mm 6 na gramu 0.12, uzito wake unakaribia ule wa maji, kwa hiyo hazina nguvu ya kuugonga utope. Na risasi ile ya metali, ya kuvulia samaki, isiingie chupani hata moja: ni sumu, na wapakaji wengi hunyoosha ncha ya brashi kwa ulimi.

Usimwamini muuzaji kwa neno tu, wala usitegemee sumaku. 304 na 316 hazivutwi sana na sumaku, lakini zikishafinyangwa kuwa gololi zinaweza kuvutwa kidogo. Daraja za 420 na 440 ni stenlesi pia na huvutwa kwa nguvu. Jaribio la kuaminika ni la chumvi. Osha gololi tatu au nne zitoke mafuta, ziweke kwenye kikombe cheupe chenye maji vuguvugu na kijiko kimoja cha chumvi, maji yazifunike nusu tu ili hewa izifikie, ziache siku tatu. Ukiona hata alama moja ya kahawia kwenye mstari wa maji, pakiti nzima haifai kwa rangi.

Ukubwa. Kwa chupa ya matone ya ml 17 hadi 20, mbili za mm 5 au moja ya mm 6 zinatosha. Rangi za metali na nyeupe zipe mbili za mm 6, kwa sababu titani dioksidi ya kwenye rangi nyeupe ni nzito na hushikamana chini kama saruji. Vikopo vya ml 12 vyenye kifuniko cha kubinua vinatosheka na moja ya mm 5. Ukiweka zaidi zinaweza kunasa chini ya ulimi wa kifuniko na kukuzuia kufunga. Usiogope kwamba rangi itafurika: gololi mbili za mm 5 zinachukua ml 0.13 tu.

Kipo kipimo kimoja ambacho watu hukiruka, nacho ndicho kinachoamua kama chupa itatoa matone au la. Ng'oa pua ya chupa, yaani kile kipande cha juu chenye tundu la kutolea matone, igeuze juu chini, dondosha gololi kwenye uwazi wake wa ndani. Ikiingia na kukaa imeziba tundu kama vali, ukubwa huo haufai kwa chupa hiyo. Kila utakapoipindua, gololi itakimbilia hapo. Jaribu kubwa zaidi, isiyoweza kuingia.

Gololi mpya huja na mafuta membamba ya kiwandani. Zioshe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza, kisha zisuuze tena kwa spiriti na uzikaushe juu ya kitambaa kisichotoa nyuzi. Mafuta yakiingia kwenye rangi, ukipaka utaona vitundu vya mviringo ambako rangi inakimbia haitaki kushika.

Kuziingiza: simamisha chupa, igonge mezani ili rangi ishuke kutoka puani. Funika pua kwa kitambaa, ishike kwa vidole au koleo, ivute huku ukiitikisa upande kwa upande. Usiikamue chupa, itakurukia. Kama chini kuna utope mgumu, uvunje kwanza kwa kijiti cha mshikaki, la sivyo gololi itazama humo na kunasa. Ingiza gololi kwa kibanio, taratibu, bila kuirusha. Futa rangi kwenye shingo, rudisha pua na uisukume mpaka usikie imebana. Pua iliyokaa nusu itachomoka siku unakamua kwa nguvu, na chupa nzima itamwagikia sanamu.

Tikisa dakika moja au mbili kwa chupa iliyolala muda mrefu, nusu dakika kwa ile ya kila siku. Sikiliza: mlio mkavu wa kugonga plastiki unaonyesha gololi iko huru, na ukimya unaonyesha imenasa. Ikinasa, lalisha chupa juu chini usiku kucha, asubuhi igonge kitako kwa kiganja. Kwa vanishi ya mati, yaani isiyong'aa, usikwepe kutikisa, kwa kuwa unga unaoondoa mng'ao nao hutuama, na vanishi isiyochanganywa ndiyo huacha madoa meupe au mng'ao wa vipande. Ukimaliza, iache dakika tano mapovu yapande, kisha dondosha tone moja kwenye karatasi. Likiwa na rangi ileile kutoka katikati hadi ukingoni, bila duara la majimaji kuzunguka, chupa iko tayari.